Kuuza Nyumba Bila Kupiga Mbiu

Mgeni apitaye katika vitongoji vya Kampala huona kwenye kuta za nyumba nyingi maandishi makubwa ya rangi yasemayo kwamba nyumba hii haiuzwi, au kwamba ardhi hii haiuzwi na watu wajihadhari na matapeli. Mgeni huyo huenda akacheka, kwani kwao mtu huandika ukutani anapotaka kuuza, wala si anapokataa. Wenyeji hawacheki. Mwenye nyumba aliyeandika maneno hayo mara nyingi ni mtu aliye mbali: anafanya kazi wilaya nyingine, yuko ng'ambo, au ni askari aliyepelekwa Somalia, ambako majeshi ya Uganda yaliingia kwa mara ya kwanza Machi 2007. Anachokiogopa ni kwamba ndugu, jirani au dalali anaweza kumleta mnunuzi saa za jioni, akamwonyesha vyumba, akapokea fedha, na mwenyewe akirudi likizo akute watu asiowajua wameanika nguo zao uani kwake.

Hata hivyo wapo watu wengi waaminifu wanaotaka kuuza nyumba zao kimya kimya, na sababu zao ni za haki. Sajini anayekaribia kustaafu, ambaye anataka kuuza nyumba yake ya mjini akajenge kwao, anajua kitakachotokea habari ikienea kwamba fedha iko njiani. Wadai waliokwisha kusahau madeni yao watayakumbuka. Binamu mwenye mtoto wa sekondari atafika kabla ya mnunuzi. Ofisa wa polisi naye ana sababu nyingine: miaka yote ya kazi yake amewakamata watu, na hapendi kila apitaye aingie kuhesabu madirisha na kuona chumba wanacholala watoto. Mjane anayekaa peke yake hataki ijulikane kwamba hivi karibuni atakuwa na mamilioni ya shilingi chini ya paa lake. Watu hawa hawana la kuficha mbele ya sheria. Wanachotaka ni stara.

Hata katika nchi tajiri jambo hili limezua mabishano. Nchini Marekani ni desturi wakala wa nyumba kufungua mlango mwishoni mwa juma, na yeyote apendaye huingia akatazama jiko, bafu na makabati, awe mnunuzi au mtu aliyekuja kupoteza saa. Wauzaji wasiopenda jambo hilo walizoea kumwambia wakala aiweke nyumba mfukoni, yaani amnong'oneze mteja mmoja au wawili tu. Lawama ikatokea kwamba mnong'ono huo huwafikia watu wa aina moja tu, ilhali sheria ya nchi hiyo tangu mwaka 1968 inakataza ubaguzi wa rangi katika uuzaji wa nyumba. Basi mwaka 2020 chama cha taifa cha mawakala kilianza kutumia kanuni kwamba nyumba ikishatangazwa hadharani lazima iingizwe katika orodha ya pamoja ya mawakala ndani ya siku moja ya kazi. Mwaka 2025 kanuni hiyo ilipewa mlango mwingine, ili muuzaji anayetaka kuchelewesha matangazo aweze kufanya hivyo kwa maandishi. Kwa Wamarekani swali ni nani asikie habari ya nyumba. Katika Uganda swali ni zito zaidi, maana wapo watu ambao wasiposikia, nyumba yenyewe huwa haijauzwa.

Wa kwanza wao ni mke, au mume. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998, kama ilivyorekebishwa mwaka 2004, inasema kwamba ardhi ya familia haiuzwi, haibadilishwi, haiwekwi rehani wala haikodishwi bila idhini ya mwenzi wa ndoa iliyotolewa kabla ya jambo lenyewe. Ardhi ya familia ni hasa ile ambayo jamaa wanakaa kwa kawaida, au ile wanayokaa na inayowalisha. Haidhuru jina lililo katika hati ni la bwana peke yake. Haidhuru kwamba ni yeye aliyenunua matofali kwa mshahara wake wa kila mwezi. Askari mwenye wake wawili asidhani kwamba sahihi ya bibi wa mjini inatosha kwa shamba analokaa na kulima bibi wa kijijini.

Ukali wa sheria hiyo haujulikani vya kutosha katika makambi. Mnunuzi akilipa kwa moyo mweupe, bila kujua kwamba mke hakuulizwa, mauzo bado ni batili. Kinachobaki kwake ni haki ya kumdai muuzaji arudishe fedha. Na muuzaji huyo fedha ameshaipeleka wapi? Mara nyingi imekuwa gari la mizigo lililoharibika njiani, au mtaji wa duka lililofungwa, na hapo watu wawili ambao hawakuwa na ugomvi wowote hujikuta mahakamani kwa miaka.

Mfano mmoja unatosha. Koplo yuko nyumbani kwa likizo ya siku saba. Usiku wa mwisho, taa ikiwa imekaribia kuzimwa, anatoa karatasi.

"Mama watoto, weka sahihi yako hapa."

"Karatasi ya nini, baba?"

"Ya benki tu. Kesho alfajiri narudi kikosini, usinicheleweshe."

Mama anaweka sahihi, kwa sababu amezoea kumwamini na kwa sababu chai ya safari haijatiwa kwenye chupa. Miezi minne baadaye anafika mtu mwenye mkoba na mpima ardhi, wanatafuta mawe ya mipaka katikati ya migomba yake. Koplo huyu huenda hakuwa na nia mbaya. Huenda alitaka kununua kiwanja kikubwa zaidi na kuwashangaza watu wake. Lakini idhini iliyopatikana kwa kuficha si idhini, na bibi akienda kwa hakimu akaeleza jinsi alivyotiwa sahihi, karatasi ile itakuwa silaha mkononi mwake dhidi ya mumewe. Tena, kama hajui kusoma, iko sheria ya zamani ya kuwalinda wasiojua kusoma, inayomtaka aliyeandika hati amsomee na kumweleza maana yake, kisha aandike humo jina lake na anwani yake mwenyewe. Mwandishi wa hati asiyetaka kuandika jina lake ni mtu wa kuogopwa.

Mke anayeogopa kwamba nyumba itauzwa akiwa hayupo hana haja ya kuandika ukutani. Sheria inamruhusu kuweka zuio, ambalo mawakili huliita kaveti, katika daftari la ardhi dhidi ya hati iliyo na jina la mumewe. Zuio la namna hii halifi kwa kupita siku; linadumu muda wote ambao haki yake ya kukaa katika ardhi hiyo inadumu. Kufanya hivyo si kumtukana bwana. Askari wengi wanaokwenda mbali wangelala vizuri zaidi kama wangeliweka wenyewe kwa mapatano na wake zao kabla ya kuondoka, hasa wale walioacha hati nyumbani kwa kaka.

Na hapa inafaa kutaja hati ya uwakilishi, ile ambayo askari humpa ndugu yake ili ashughulikie mambo akiwa nje. Hati iliyoandikwa kwamba ndugu atashughulikia mali zangu zote ni mlango uliofunguliwa pande zote mbili. Anayetaka ndugu akusanye kodi ya nyumba aandike kukusanya kodi, na aongeze waziwazi kwamba hana ruhusa ya kuuza wala kuweka rehani. Anayetaka ndugu auze, aitaje nyumba kwa namba yake ya kitalu na kiwanja, ataje bei ya chini kabisa, aitaje akaunti ya benki ambamo fedha itaingia, na aweke tarehe ambayo uwezo huo utakoma.

Mtu wa pili ambaye hawezi kufichwa hupatikana zaidi katika Buganda, ambako ardhi nyingi ni ya mailo, mfumo uliotokana na Mapatano ya mwaka 1900. Huko hutokea mmoja akawa na hati, na mwingine akawa na kibanja juu ya ardhi ileile, pamoja na nyumba yake, kahawa yake na makaburi ya wazee wake. Mwenye hati akitaka kuuza, sheria inamtaka kwanza ampe mwenye kibanja nafasi ya kununua. Na mwenye kibanja akitaka kuuza, kwanza ampe nafasi mwenye ardhi. Mnunuzi aliyeletwa kwa siri akaonyeshwa hati safi hana budi kujua kwamba kubadilika kwa jina katika hati hakumwondoi mwenye kibanja halali. Atakuwa amenunua karatasi pamoja na majirani ambao hakuwahi kuambiwa habari zao. Askari waliotoka mikoa mingine na kununua viwanja kuzunguka Kampala kwa fedha ya Somalia wameonja uchungu huu, na wengi wao walinunua upesi kwa sababu waliambiwa jambo ni la siri na wanunuzi wengine wako njiani.

Katika Acholi, Lango, Teso, West Nile na Karamoja mambo ni mengine kabisa. Sehemu kubwa ya ardhi ya Uganda haina hati. Inashikwa kwa mila, na Katiba ya mwaka 1995 inaitambua mila hiyo sawasawa na mailo, na umiliki huru, na ukodishaji. Huko daftari la ardhi ni watu. Wazee ndio wanaokumbuka kwamba mpaka unapita kwenye mti ule, na jirani aliyesimama pale siku ya kugawa ndiye stempu. Kuuza kwa siri mahali pa namna hiyo ni sawa na kuandika hati kisha kuichoma. Eneo la kaskazini linalijua jambo hilo vizuri, maana vita ya Kony iliwakusanya watu makambini kwa miaka mingi, na walipoanza kurudi vijijini baada ya mapigano kusimamishwa mwaka 2006 walikuta vichaka vimefunika mipaka na wazee wengi wamekwisha kufa. Askari anayetaka kuuza sehemu yake katika ardhi ya ukoo hana njia ya mkato. Ataita ukoo, atatembea mpaka mbele ya majirani, naye atakubali kwamba siri yake imekwisha. Bei anaweza kuificha, mauzo hawezi.

Nyumba ya marehemu isiuzwe na mtu yeyote, kimya au kwa kelele, kabla mahakama haijatoa barua ya usimamizi wa mirathi. Shemeji anayefika siku ya arobaini na mnunuzi wake hana mamlaka, awe na cheo gani jeshini. Sheria ya Urithi iliyorekebishwa mwaka 2022 imeimarisha haki ya mjane na watoto kubaki katika nyumba ya makao yao.

Basi yule sajini, baada ya kukubaliana na bibi yake mezani mchana kweupe, na kama nyumba yake haina kibanja cha mtu wala haki ya ukoo, anaweza kuuza bila mbiu. Kwanza ajue bei. Hapa ndipo ukimya unapogharimu, kwa sababu anayewaambia watu watatu hupata bei ya watu watatu, na dalali mjanja humwambia kwamba soko limelala. Mthamini aliyesajiliwa hulipwa ada, lakini taarifa yake yenye sahihi humpa muuzaji kiasi cha kusimamia. Anayeona ada hiyo ni kubwa alinganishe na milioni atakazopunguziwa kwa kutojua.

Dalali awe mmoja, na apewe barua inayotaja ujira wake na muda wa kazi yake. Madalali watano wanaoshindana ni gazeti linalotembea kwa pikipiki. Asipewe ufunguo. Asipewe hati ya asili kwa kisingizio chochote, hata akisema mnunuzi yuko ndani ya gari na anataka kuitazama mara moja tu. Nakala inatosha kwa kutazama, na namba iliyo katika nakala inatosha kwa upekuzi katika ofisi ya ardhi. Tangu kumbukumbu za ardhi zilipoanza kuingizwa katika kompyuta, upekuzi huo umekuwa mwepesi kuliko zamani za majalada yenye vumbi, na mnunuzi wa kweli huufanya kabla ya kurudi mara ya pili. Muuzaji naye aufanye kwa hati yake mwenyewe. Wako waliogundua kwa njia hiyo zuio la benki walilodhani liliondolewa zamani, na wako waliogundua mambo mabaya zaidi.

Wanunuzi waje mmoja mmoja, kwa saa iliyopangwa, mchana, na kila mmoja aonyeshe kitambulisho chake cha taifa kabla ya lango kufunguliwa. Bibi wa nyumba awepo. Picha za familia, sare na vyeti vitolewe sebuleni siku hiyo, maana mgeni hana haja ya kujua kikosi cha mwenye nyumba wala shule wanayosoma watoto. Chumba cha kulala kinaweza kuonyeshwa mwishoni, kwa mtu aliyekwisha kutaja bei inayosikika. Watumishi wa nyumbani waambiwe ukweli kwa maneno machache. Wakifichwa watatunga habari yao wenyewe, nayo itafika sokoni kabla ya jioni. Kama kuna mpangaji, naye aambiwe, kwa kuwa nyumba haiuzwi pamoja na mtu aliye ndani yake kana kwamba ni kabati.

Baraza la kijiji lisipitwe. Mwenyekiti wa LC1 na majirani wanaopakana na kiwanja ndio mashahidi wa mipaka, na mnunuzi mwenye akili atawatafuta hata asipoelekezwa. Wajulishwe mwishoni, siku chache kabla ya mkataba, na stara itakuwa imehifadhiwa muda wa kutosha. Lakini barua ya mwenyekiti haichukui nafasi ya hati, na sehemu ya bei ambayo viongozi wengine wa vijiji huidai kwa kutia muhuri si ada ya serikali. Anayetaka kumshukuru mwenyekiti kwa kupoteza siku yake amshukuru kwa kiasi chake, na asikubali kukatwa mafungu katika jasho lake.

Mkataba uandikwe na wakili, mmoja kwa kila upande kama uwezo upo. Bei iandikwe ile ya kweli. Kuna mazoea ya kuandika bei ndogo ili kupunguza ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 1.5 ya thamani, na wauzaji wanaopenda siri huvutwa sana na ushauri huo. Ni ushauri mbaya. Mthamini wa serikali ataithamini mali mwenyewe, na siku mauzo yakivunjika, mkataba wenye bei ya uongo ndio utakaosomwa mbele ya hakimu. Fomu ya idhini ya mwenzi ijazwe siku hiyohiyo, mbele ya wakili. Fomu za uhamisho zisitiwe sahihi zikiwa tupu, hata kwa mnunuzi aliye askari mwenzake wa kikosi kimoja, kwani fomu tupu yaweza kuuzwa kwa mtu wa tatu. Nyumba iliyo katika ardhi ya kukodisha kutoka bodi ya ardhi ya wilaya huhitaji pia kibali cha bodi hiyo.

Fedha ilipwe benki, mbele ya karani, kutoka akaunti hadi akaunti. Mnunuzi anayesisitiza kulipa noti usiku kwa sababu ya usiri ameuelewa usiri kwa namna yake mwenyewe, na namna hiyo haimfai muuzaji. Sehemu iliyobaki yaweza kushikwa na wakili hadi ofisi ya ardhi itakapopokea hati na kuandika jina jipya. Hapo muuzaji aombe nakala ya upekuzi mpya inayoonyesha jina la mnunuzi, aiweke pamoja na mkataba wake. Siku ya kukabidhi ufunguo asome mita ya umeme na ya maji pamoja na mnunuzi, waandike tarakimu na wote wawili watie sahihi, kisha aende yeye mwenyewe Shirika la Taifa la Maji kufunga akaunti iliyo katika jina lake, maana bili ya mwezi unaofuata haitauliza kama nyumba iliuzwa kimya au kwa tarumbeta.